Mwalimu wa Vita vya Ulaya

Mtu wa kwanza kunieleza namna kikuku cha farasi, kile kitanzi cha kukanyagia mguu, kilivyobadili vita vya Ulaya hakuwahi kupanda farasi maishani mwake. Sidhani hata kama aliwahi kumgusa. Asubuhi moja ya baridi, ndani ya chumba cha walimu, alilaza gunia la mahindi juu ya benchi, akalipanda, akachomeka miguu katika vitanzi viwili vya kamba ya katani alivyovifunga pande mbili za benchi, akabana mpini wa ufagio kwapani kama mkuki, kisha akaniambia nimsukume kifuani.

Nilimsukuma. Aliyumba kidogo, akabaki pale pale.

Akatoa miguu kwenye vitanzi. "Sasa tena."

Nilisita. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, na mimi nilikuwa na juma la pili tu kazini.

"Sukuma, dada. Usiogope."

Nilisukuma, naye akaanguka chali, ufagio ukagonga birika la chai likamwagika. Alipokuwa bado sakafuni alinyoosha kidole juu, kama anayesahihisha daftari. "Umeona? Vitanzi viwili tu vya miguu. Mwenye navyo anamchoma mwenzake kwa mkuki na haanguki. Wale mabwana wa farasi waliwatawala wakulima wao miaka mingi sana, na kazi ilianzia hapa miguuni."

Shule yetu ilikuwa ya kati, madarasa manne na bweni, juu ya kilima si mbali na Igowole, ambako ukungu huingia darasani pamoja na wanafunzi na mara nyingi hukaa zaidi yao. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nilitoka upande wa Tukuyu, nikapangiwa kufundisha watoto wa shule ndogo iliyokuwa ubavuni mwa ile kubwa, na kuwafundisha ushonaji. Yeye alifundisha historia darasa la tano hadi la nane. Watu wote walimwita mwalimu wa historia, hata mke wake alipomtafuta uani, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Alikuwa mfupi, kifua kipana, miguu myembamba ndani ya kaptura ya kaki iliyopigwa pasi hata siku za Jumamosi. Juu alivaa sweta ya kijani ambayo mke wake aliifuma na kuifumua na kuifuma upya kila ilipochakaa viwikoni. Alitembea haraka akiangalia chini, kama mtu anayehesabu hatua, na mara nyingi kweli alikuwa anahesabu. Alijua ni hatua ngapi kutoka bwenini hadi kisimani, kutoka kisimani hadi kanisani. Ukimsalimu akiwa katikati ya hesabu alikuinulia mkono wa kukusimamisha, akamaliza, ndipo akasema "Kamwene" na kukuuliza habari za nyumbani bila kungoja jibu. Mimi alipenda kunisalimu kwa Kinyakyusa. Alijua neno moja tu, "ndaga", na alilitumia kwa salamu, kwa shukrani, na mara moja kwa kuomba radhi.

Kila somo lake, mwanzoni mwa muhula, lilianza kwa kitu. Hakuandika kwanza ubaoni kama sisi wengine. Aliingia na jiwe, au kipande cha chuma, au sufuria ya mkewe aliyoivaa kichwani, akakaa kimya mpaka darasa likauliza. Siku ya sufuria alimpa mwanafunzi mmoja kijiti akamwambia ampige nacho. Kisha akampa mwingine nyundo. Walimu tulisikia kelele tukatoka nje. Tulimkuta amekaa chini ya ubao, sufuria imebonyea, anawaeleza kwamba mtu wa chuma kuanzia kichwa hadi kidole haogopi upanga, ila anaogopa nyundo, na anaogopa zaidi kuanguka kwenye tope. Alisikia kizunguzungu siku mbili. Mke wake alipika kwenye sufuria ile iliyobonyea mwaka mzima, nadhani kwa makusudi, ili aione.

Somo lililonikaa zaidi lilikuwa la upinde na bunduki. Alimwalika mwindaji mmoja mzee wa kijiji cha jirani, mtu mwenye mikono kama mizizi, akampanga uwanjani mbele ya maboga yaliyowekwa juu ya vigingi. Upande wa pili akamsimamisha mwanafunzi wa darasa la nane mwenye fimbo, akamkabidhi karatasi yenye hatua zote za kupakia bunduki ya zamani ya Ulaya, ile ya utambi: mimina baruti, tia risasi, sokomeza kwa ufito, weka baruti ya kuwashia, puliza utambi, lenga. Akapuliza filimbi.

Mzee alitoboa maboga sita. Mwanafunzi alikuwa bado anasokomeza.

Darasa lilishangilia. Mwalimu aliwaacha mpaka wakachoka, halafu akauliza: "Sasa niambieni. Kama upinde ni mzuri hivi, kwa nini Wazungu waliuacha?"

Walijibu mengi. Kelele ya baruti. Moshi. Uchawi. Alikataa yote. Akamgeukia yule mwindaji. "Baba, ulianza kuvuta upinde ukiwa na umri gani?"

"Kabla sijaota meno ya pili."

"Na huyu kijana, nikikuachia, utamfundisha kwa muda gani?"

Mzee alimtazama yule mwanafunzi mabegani, akambinya mkono. "Huyu? Huyu amechelewa. Nipe mdogo wake."

"Mmesikia," mwalimu alisema. "Huyu baba akifa vitani, tutangoja miaka ishirini kumpata mwingine. Huyu mwenye fimbo akifa, kesho kutwa namchukua mwingine shambani, namfundisha mwezi mmoja. Mfalme aliona hesabu hiyo. Bunduki haikushinda kwa kuwa ni kali. Ilishinda kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuishika, na mtu yeyote akishika, mtu yeyote anaweza kufa."

Yule mwindaji alipewa maboga yake akaenda zake. Baadaye nilisikia alilalamika njiani kwamba amealikwa shuleni, ameshinda, na bado ameambiwa ameshindwa.

Mwalimu wa historia alikuwa na sifa ya kujivuna kuhusu Kiingereza chake, ambacho kilikuwa kizuri kwa maandishi na kigumu kusikika. Aliwadharau walimu wa hesabu. Kwake hesabu isiyopima ukuta au mwendo wa jiwe ilikuwa kazi ya kuwachosha watoto. Hakuchapa viboko, jambo ambalo wakati ule lilionekana ni ulegevu, lakini ulimi wake uliwafanya vijana wengine watamani kiboko. Alikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, kikombe kimoja Jumapili baada ya ibada, hakuongeza. Na mtu huyu aliyeweza kukueleza kwa saa nzima namna mzinga unavyomiminwa kama kengele, kwamba wamimina kengele za kanisa ndio hao hao walioitwa na wafalme wamimine mizinga, hakuweza kuchinja kuku. Mke wake ndiye aliyechinja. Wanaume wa jirani walimcheka hadharani. Mzungu mwenye shamba la chai la jirani alipokuwa akiwinda kanga upande wa bondeni, na mlio ukafika kwetu, mwalimu wa historia aliinamisha kichwa mabegani na kubaki hivyo mpaka mwangwi uishe, hata kama alikuwa katikati ya sentensi. Nilimwuliza siku moja kama alikuwa askari zamani. Alisema hapana, hajawahi, na akabadili mazungumzo.

Likizo moja ndefu alisafiri hadi Mombasa. Alikwenda kwa basi na kwa treni, akakaa siku tatu, akarudi. Walimu tulikusanyika kumsikiliza. Tulitaka kusikia habari za bahari, masoko, nguo. Yeye alikuwa amekwenda kuiona ngome waliyoijenga Wareno, akaizunguka kwa miguu mara nane.

"Ukuta wake ni mfupi," alisema kwa furaha kubwa. "Mfupi na mnene, umelala kama ng'ombe. Na pembe zake zimetokeza nje, ili mwenye mzinga kwenye pembe hii aone miguu ya ukuta hadi pembe ile. Hakuna mahali adui anaweza kujificha. Zamani walijenga mirefu. Mzinga ulipokuja, urefu ukawa kosa."

"Na bahari je?" nilimwuliza.

"Iko upande mmoja," alijibu.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alimwuliza amewaletea nini. Alimwonyesha daftari lenye vipimo. Yule mama aliweka sinia mezani polepole, akatoka, na kwa juma zima mwalimu wa historia alikuja shuleni bila pasi kwenye kaptura.

Ukuta uliomgusa kuliko wote ulikuwa karibu zaidi. Mara moja kila mwaka aliwapeleka wanafunzi wa darasa la saba Kalenga, karibu na Iringa, penye mabaki ya boma la mawe la chifu wa Wahehe lililobomolewa na mizinga ya Wajerumani. Mwaka mmoja nilifuatana nao. Alisimama juu ya rundo la mawe, akawaeleza kama alivyoeleza ngome nyingine yoyote: ukuta huu ulikuwa mzuri, ulijengwa kwa akili, kwa ajili ya maadui wenye mikuki na magobori. Kisha wakaja watu wenye mzinga. Akawaambia kuwa jambo hili hili liliwapata wafalme wa Ulaya miaka mia nne nyuma, mji kwa mji, kuta ndefu zilizodumu enzi na enzi zikaanguka kwa siku chache.

Mzee mmoja wa pale alikuwa akisikiliza, ameegemea fimbo. Alikuja mbele akiwa na hasira.

"Wewe ni mtoto wa hapa," alisema. "Unasimama juu ya mawe ya wazee wako unawaambia watoto kwamba walikosea?"

Mwalimu alishuka chini kwanza. Alimwamkia kwa adabu, magoti yakiwa yamepinda. "Sijasema walikosea, baba. Nimesema walijenga kwa ajili ya vita walivyovijua."

"Baba yangu alikuwa ndani ya ukuta huu."

"Ndiyo, baba."

"Unajua alichosema? Alisema mlio wa kwanza walidhani ni radi."

Nilimwona mwalimu wa historia akifungua daftari lake. Alilitazama, akatazama uso wa yule mzee, akalifunga bila kuandika. Hiyo ni mara pekee niliyomwona akiacha kitu kimpite. Tuliporudi kwenye lori hakuwauliza wanafunzi maswali kama kawaida yake, na kule Iringa tuliposimama Mlandege kununua mikate alibaki ndani ya lori peke yake.

Nisije nikamfanya mpole. Mama yangu alipofariki nilikwenda Tukuyu kuzika, nikarudi baada ya majuma mawili. Walimu walikuja kunipa pole. Yeye pia alikuja na mkewe, akakaa, akauliza mama aliugua nini.

"Tumbo la kuhara damu," nilisema.

Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Ugonjwa huo uliua askari wengi wa zamani kuliko mishale. Jeshi likizingira mji miezi mitatu, wanakunywa maji yale yale wanayoyachafua. Wengine walikuwa wanarusha mizoga juu ya ukuta kwa mitambo, kusudi waliomo ndani..."

Mke wake alimvuta sweta. "Baba, mwenzako amefiwa."

"Najua. Ndiyo maana namweleza."

Nilikasirika, na sikumsemesha siku kadhaa. Yeye hakutambua kwamba nimekasirika.

Sasa nieleze habari ya mtambo, kwa kuwa ndiyo iliyomwondoa.

Katika kitabu cha Kiingereza cha historia kulikuwa na picha ya mtambo wa kurushia mawe, ule uliotumika Ulaya kubomolea ngome kabla ya mizinga. Ni boriti ndefu juu ya kiunzi kirefu. Upande mmoja mfupi una sanduku zito la mawe, upande mwingine mrefu una teo, yaani mfuko wenye kamba. Sanduku linaposhuka, boriti inaruka, teo linazunguka na kutupa jiwe. Aliamua kuujenga pamoja na darasa la nane. Walikata miti ya milingoti nyuma ya shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, aliyedhani ni ya kujengea choo. Walifanya kazi hiyo alasiri za mwezi mzima. Mfuko wa teo aliniomba nimshonee. Nilitumia gunia mara mbili na ngozi ya mbuzi katikati, nikaupiga mshono wa kurudia. Nilijua vizuri unakwenda kufanya nini.

Siku ya kujaribu tulikuwa wote uwanjani. Walivuta boriti chini, wakaweka jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu, mwalimu akapuliza filimbi. Sanduku lilishuka kwa kishindo. Jiwe halikwenda mbele. Lilipanda juu moja kwa moja, likasita, likarudi nyuma juu ya vichwa vyetu, likatoboa bati la ghala na kutua ndani ya mahindi. Hakuna aliyeumia. Wanafunzi walilala chini, kisha wakaanza kucheka, kisha wakapiga makofi. Mwalimu wa historia hakucheka. Alikuwa amepiga magoti anapima kamba.

Wakati mwingine wowote jambo lingeishia kwa kuziba bati. Lakini mwaka ule habari za Kenya zilikuwa midomoni mwa kila mtu, za msituni na za bunduki, na wenye mashamba walikuwa wanalala na silaha karibu. Mtu mmoja, mpaka leo sijui nani, alipeleka neno bomani kwamba kuna mwalimu anafundisha vijana kutengeneza mtambo wa kubomolea nyumba.

Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya, alikuja na Landrova na askari wawili. Alikuwa kijana, shingo nyekundu, Kiswahili chake safi cha vitabuni. Walimu tulipangwa ukutani. Alizunguka mtambo mara mbili kabla hajasema.

"Nani amekufundisha kutengeneza kitu hiki?"

"Ninyi, Bwana," alisema mwalimu wa historia.

"Sisi nani?"

Alimpa kitabu, ukurasa wa picha umekunjwa pembe. "Kitabu ni chenu, na mtihani ni wenu. Watoto waliulizwa habari za ngome, wakashindwa. Hawajawahi kuona ngome ikipigwa."

Bwana Shauri aliitazama ile picha kwa muda. Nilidhani atacheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba shuleni kwao waliwahi kutengeneza mdogo, wa kuweka mezani. Kisha askari mmoja akakohoa, na uso wake ukarudi ulivyokuwa. Aliinua mfuko wa teo, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Na hii nani ameshona?"

Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Ningeachishwa kwa neno moja. Niliinamisha macho kwenye viatu vyangu.

"Mimi, Bwana," alisema mwalimu wa historia.

"Wewe unajua kushona hivi?"

"Majeshi yote ya zamani yalishonwa, Bwana. Mahema, mikoba ya baruti, viatu. Anayefundisha vita lazima ajue."

Bwana Shauri alimtazama yeye, kisha akatutazama sisi wa ukutani mmoja mmoja. Akaweka mfuko chini.

Aliamua hivi: mtambo uvunjwe, na Jumatatu mwalimu asimame mbele ya shule nzima awaambie wanafunzi kwamba walikosea. Akifanya hivyo, mambo yameisha. Mwalimu mkuu, mtu mwema mwenye hofu nyingi, alimbembeleza siku mbili zote. "Sema tu, ndugu yangu. Neno moja. Una mke."

"Nitasema," alijibu.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito hata mstari wa nyuma haukuonekana. Alisimama juu ya ngazi. "Nimeagizwa niwaambie kwamba tulikosea," alisema. "Ni kweli. Tulikosea. Kamba ya teo ilikuwa fupi. Ilipaswa kukaribia urefu wa ule mkono mrefu wa boriti. Na kile kijiti cha mwisho kinachoachia kitanzi tulikisimamisha mno, kitanzi kikachomoka mapema. Ndiyo maana jiwe lilirudi nyuma. Andikeni."

Wanafunzi waliandika. Nilisikia penseli zao. Mwalimu mkuu alikuwa amefunika uso kwa kiganja.

Barua ya uhamisho ilifika kabla ya mwezi kwisha. Alipelekwa Idodi, chini kwenye joto, kwenye shule ya madarasa mawili ambako hakuna historia, kuna a, e, i, o, u.

Siku ya kuondoka nilimsaidia mkewe kufunga vyombo. Lori likiwa linanguruma nilimfuata mwalimu upande wa nyuma. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu usiku.

"Mwalimu, ule mfuko nilishona mimi. Ningesema."

"Ungesema, tungehama wawili," alijibu. Alikuwa anahesabu vitabu vyake ndani ya debe, hakuniangalia. "Hilo lina faida gani?"

"Lakini ungebaki kama ungesema tu..."

"Dada, kamba ilikuwa fupi. Ningesema walivyotaka, watoto wangeandika kwamba mtambo ni mbaya. Mtambo haukuwa mbaya." Akapanda lori. Kisha akageuka, nikadhani sasa atasema neno la kuagana. "Wale wanafunzi wako wadogo," alisema, "wafundishe mshono ule wa kurudia. Haukuachia hata uzi mmoja."

Huo ndio msamaha nilioupata, na sijui kama alikusudia kuutoa.

Kutoka Idodi aliniandikia mara chache. Barua zake hazikuwa na "natumaini hujambo". Zilianza katikati. Alilalamika kuhusu mbung'o. Alisema watoto wake wapya wana macho mazuri ya kukadiria umbali kwa sababu ya wanyama. Barua moja ilikuwa ndefu. Tembo waliingia mashambani, na mwanakijiji mmoja akawatisha kwa gobori la babu yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwalimu wa historia alikuwa amesimama karibu na gobori linapopakiwa. Aliandika hatua zote, moja baada ya nyingine, na akaeleza kwamba yule mtu alikuwa bado anasokomeza wakati tembo walikuwa wameshakula safu mbili za mahindi. Mwisho aliongeza kwamba lilipolia alijikuta amelala kifudifudi, na watoto wake wa darasa la kwanza wakamwinua.

Nilimwona mara ya mwisho Mbeya, miaka ile ya hamsini ikielekea mwisho. Nilikuwa nimehamia huko, nafundisha, nimeolewa. Jumamosi moja kikosi cha askari weusi wa jeshi la Mwingereza kilipita mjini na malori, kikasimama kwenye uwanja wa mpira asubuhi nzima kikicheza gwaride. Watu wa Mbeya walitoka kuangalia, wakulima waliokuwa wameleta viazi sokoni, wenye maduka na kofia zao nyeupe, watoto juu ya matawi. Katikati ya umati nilimwona mwalimu wa historia. Nywele zilikuwa nyeupe, sweta ilikuwa nyingine.

"Ndaga," alisema, kana kwamba tuliachana jana.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Sijamtaja kwa sababu mwenyewe hakumtaja. Alikulia kwa wajomba zake, na sisi shuleni tulimwona likizo moja au mbili, kijana mtulivu anayemsaidia mama yake kuchota maji. Sasa alikuwa askari. Alikuwa amemwandikia baba yake kwamba wangepita Mbeya siku ile, na baba alikuwa amesafiri siku mbili kuja.

Gwaride lilipokwisha waliruhusiwa kupumzika, na yule kijana akaja kwetu. Alikuwa amekonda, mrefu kuliko baba yake, midomo imepasuka kwa vumbi la safari. Alimwamkia baba yake kwa kuinama. Mwalimu wa historia aliitikia, na macho yake yakashuka moja kwa moja kwenye bunduki.

"Inachukua risasi ngapi?"

"Kumi, baba."

"Na unapakia kwa sekunde ngapi?"

Kijana alimwambia. Mwalimu alifurahi, akashika mkono wa mwanawe, akaanza kumweleza. Alimweleza habari za mistari ya askari wa utambi, wa mbele akipiga na kurudi nyuma kupakia, wa pili akisogea. Alimweleza kwamba gwaride alilolicheza asubuhi ile lilianzia hapo, katika watu waliohitaji kusogea pamoja bila kufikiri ili wasichomane kwa tambi zao. Alimweleza habari ya singe, kile kisu cha kuchomeka mdomoni mwa bunduki, namna ilivyowaondoa watu wa mikuki mirefu kwa kuwa sasa kila mwenye bunduki alikuwa na mkuki wake. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Watu wawili watatu walisogea kusikiliza.

"Ndiyo, baba," kijana alisema kila baada ya muda. "Ndiyo, baba." Mara moja aliangalia kule walipokuwa wauza mihogo ya kuchemsha, kisha akarudisha macho kwa baba yake.

Filimbi ilipulizwa. Kijana aliinama tena, akaaga, akakimbia. Alipandishwa kwenye lori la tatu, kati ya wengine waliovaa sawasawa, na kabla malori hayajaondoka tulikuwa hatumtambui tena ni yupi. Yaliondoka kuelekea barabara ya Iringa. Vumbi lilitulia polepole, na watu wakarudi sokoni.

Mwalimu wa historia alibaki amesimama palipokuwa na lori. Nilimwambia twende nyumbani, mume wangu atafurahi kumjua, atapumzika kabla ya basi. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, nikadhani anahesabu malori.

"Dada," alisema.

"Abee, mwalimu."

"Sikumwuliza kama amekula."